Sehemu Iliyoachwa Tupu

KATIBU: Saa tano na dakika arobaini na moja, na kioo cha simu kinaandika Baba Mkwe. Haloo? Shikamoo, baba. Nani amekushikia simu?

MHARIRI: Si baba. [Mkwaruzo.] Ni mimi.

KATIBU: Mimi nani? Nasikia mkwaruzo tu.

MHARIRI: Dada wa mkeo. Anayekurekebishia mikato kwenye kumbukumbu za vikao.

KATIBU: Aa, shemeji. Ngoja kwanza moyo urudi mahali pake. Simu ya mgonjwa ikikupigia, na unajua mgonjwa mwenyewe hawezi kuinua kijiko—

MHARIRI: Yupo, amelala. Asubuhi alikunywa uji nusu kikombe akalalamika hauna sukari. Ukiona analalamika, ujue anarudi.

KATIBU: Alhamdulillahi. Na simu yako?

MHARIRI: Ilizama kwenye beseni Jumapili nikimwosha miguu. Fundi anasema nirudi kesho. Jana pia alisema nirudi kesho. Nimechukua hiki kitochi cha baba, kina salio la kusukumasukuma tu, kwa hiyo tuongee haraka. Uko ofisini?

KATIBU: Ofisini. Nimeingia kile kichumba cha kupigia simu, chenye ukuta wa kioo. Mwenyekiti wa kamati yetu yuko meza ya mbele yangu. Ananiona, hanisikii.

MHARIRI: Mwenyekiti au bosi wako?

KATIBU: Kofia mbili, kichwa kimoja.

MHARIRI: Basi geuka, umpe kisogo. Pendekezo lake linafungwa leo saa sita?

KATIBU: Saa sita kamili. Aliliweka Jumatano iliyopita saa sita kamili. Siku saba zikiisha bila pingamizi, linapita.

MHARIRI: Vizuri. Nilitaka kuhakikisha tu limeshasimama, maana huku sina bando wala mtandao. Nikipata nafasi wiki hii nitaandika—

KATIBU: Limesimama vipi?

MHARIRI: Si nimelipinga?

[Kimya.]

MHARIRI: Shemeji?

KATIBU: Nipo. Ulilipinga wapi?

MHARIRI: Palepale chini yake, Alhamisi asubuhi. Niliweka dole.

KATIBU: Dole.

MHARIRI: La kuelekea chini. Nikajiambia jioni nitakaa chini niandike sababu yote, kwa mifano. Jioni baba akaanguka bafuni, na tangu hapo—

KATIBU: Shemeji. Kanuni ya tisa.

MHARIRI: Isome.

KATIBU: Unaijua.

MHARIRI: Naijua. Nataka kuisikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

KATIBU: "Pingamizi ni maneno yaliyoandikwa na mjumbe mwenyewe, kwa jina lake, yakiwa na sababu. Dole, moyo, uso unaocheka au alama nyingine yoyote si pingamizi." Iliandikwa na mhariri. Ilipita bila kupingwa.

MHARIRI: Yule mjumbe wa Benki alikuwa anaweka dole chini kwa kila kitu. Hata tangazo la likizo aliliwekea.

KATIBU: Hata pole tuliyompa Profesa alipofiwa.

MHARIRI: Nikasema hapana, mtu akikataa aseme kwa nini. Na nikaona fahari, unajua. Nilipoiandika ile sentensi niliisoma mara tatu nikaona haina pa kupenya. Mwiba wa kujidunga.

KATIBU: Hauambiwi pole. Lakini pole.

MHARIRI: Sasa hivi saa ngapi?

KATIBU: Tano na arobaini na nne.

MHARIRI: Dakika kumi na sita. Basi niandikie. Nakutajia, wewe unaandika. "Mhariri anapinga, kwa sababu—"

KATIBU: Katibu haandiki kwa niaba ya mjumbe.

MHARIRI: Hiyo nayo niliandika mimi?

KATIBU: Wewe. Baada ya katibu aliyenitangulia kumwandikia mtu kwamba anapinga, kumbe anakubali.

MHARIRI: Ingia kwenye akaunti yangu. Nakupa nywila. Ni jina la baba na mwaka wa—

KATIBU: Usinipe. Itaomba namba sita za uthibitisho, na hizo namba ziko ndani ya simu iliyozama. Hiyo kufuli ya pili nani aliisisitiza?

MHARIRI: [Anacheka kidogo.] Nyumba nimeijenga bila dirisha, na mimi niko nje.

KATIBU: Uliijenga vizuri. Sikutanii.

MHARIRI: Mwombe mwenyekiti aongeze siku. Siku mbili. Anajua niko wodini, si ndiyo? Ulimwomba ruhusa ya kuja kumwona mkwe wako.

KATIBU: Nilimwomba Jumatatu.

MHARIRI: Ruhusa?

KATIBU: Siku. Nilimwambia, mhariri ameuguliwa na mzazi, tuongeze muda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza hali ya mzee, akaniuliza kama tunahitaji gari la kumpeleka nyumbani akiruhusiwa. Halafu akasema kanuni haina kipengele cha wenye wagonjwa, na tukianza kuongeza siku kwa mmoja, kesho kila mtu atakuwa na mgonjwa. Akasema pia kwamba hizo kanuni umezitunga wewe na anaziheshimu.

MHARIRI: Hakukosea.

KATIBU: Hakukosea hata neno.

MHARIRI: Ndiyo maana simchukii. Angekuwa mwizi ingekuwa rahisi. Alikueleza kwa nini analitaka hili badiliko?

KATIBU: Ana hesabu zake, na nimezipitia. Kila siku mifumo ya wateja inakwama zaidi ya mara elfu mbili kwa sababu mtu hakujaza sehemu ya ndiyo au hapana. Mfumo unasimama, unauliza, hakuna anayejibu, foleni inajaa. Anasema: sehemu ikiwa tupu, isomwe "hapana", kazi iendelee.

MHARIRI: Na leo inasomwaje?

KATIBU: "Haijulikani." Mfumo usimame uulize. Ukurasa wa kumi na nne wa kiwango chetu.

MHARIRI: Tupu inasimama na inauliza. Miaka sita tumekaa na hilo. Watu hawatusomi, shemeji. Wanachukua kile kiwango bure, wanaandikia maelezo ya mifumo yao, hospitali na maabara, shule na baraza la mitihani, na mashine zinafuata tulichoandika. Hakuna atakayegundua kwamba Jumatano fulani saa sita tupu iligeuka kuwa hapana.

KATIBU: Najua.

MHARIRI: Juzi baba aliniuliza, hiyo kamati yenu isiyolipa hata nauli inatunga nini hasa. Nikamwambia, mfumo mmoja ukitaka kuzungumza na mwingine, lazima uwe na maelezo: nitakuuliza hiki, unijibu hivi. Sisi tunaandika namna ya kuandika hayo maelezo. Akafikiri, akasema, kumbe mnaandika karatasi juu ya karatasi.

KATIBU: Mimi mwaka mzima ananiita mwenye karatasi. Nilidhani ni heshima.

MHARIRI: Kwa baba ni heshima. Ngoja, kitochi kimelia. [Mlio.] Salio. Tuendelee. Profesa?

KATIBU: Nimempigia leo saa mbili na nusu. Simu haipatikani. Mkewe anasema yuko angani, anatua saa nane.

MHARIRI: Yule wa Benki?

KATIBU: Nilimwandikia jana. Alijibu kwamba benki haiachi sehemu tupu, kwa hiyo halimhusu. Akaweka dole.

MHARIRI: La juu au la chini?

KATIBU: La kati, kama lipo. Sikumwelewa.

MHARIRI: Kwa hiyo wa Benki hapana, Profesa yuko angani, mwenyekiti ni lake mwenyewe, na mimi sina mkono. Hao ni wanne.

KATIBU: Ndiyo.

MHARIRI: Tuko watano.

[Kimya.]

KATIBU: Mtandao unakatikakatika hapa.

MHARIRI: Haukatiki. Nasikia unavyopumua. Sijasema kitu, shemeji.

KATIBU: Sijasema umesema.

MHARIRI: Katibu ni mjumbe kama wengine, nilitaja idadi tu. Tangu Januari umevaa kitambulisho cha kampuni ya mwenyekiti shingoni, na mimi ndiye niliyekuambia ukivae. Nyumbani kulikuwa kunavuja. Sikuambii leo ukivue.

KATIBU: Shemeji, kuna jambo.

MHARIRI: Nini?

KATIBU: Lile dole lako. Nililiona.

MHARIRI: Bila shaka uliliona, wewe ni katibu.

KATIBU: Nililiona Alhamisi, saa nne na robo asubuhi. Na papo hapo nilijua halihesabiwi.

[Mkwaruzo.]

MHARIRI: Alhamisi.

KATIBU: Alhamisi.

MHARIRI: Jumamosi ulikuja wodini.

KATIBU: Nilikuja.

MHARIRI: Ulikaa kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa kamba, kuanzia saa nane mpaka saa kumi. Ukammenyea baba chungwa. Simu yangu ilikuwa nzima bado, ilikuwa mezani, karibu na sahani ya maganda.

KATIBU: Niliiona.

MHARIRI: Tuliongea nini siku ile?

KATIBU: Uliniambia muuguzi wa zamu ya jioni anafanana na shangazi yenu. Tukaongea juu ya bati la jikoni.

MHARIRI: Bati la jikoni.

KATIBU: Nilikuwa nimejiandaa kukwambia. Nilipokuwa napanda ngazi nilikuwa na sentensi yote. Halafu nikafika pale mapokezi, nikampa yule dada kadi ya bima ya kazini, akaipitisha kwenye mashine, akasema imekubali, hadi wazazi wa mwenza. Nikaingia wodini nikakuta mzee kitandani, nikakaa. Nikajiambia katibu hana kazi ya kumkumbusha mjumbe. Na ni kweli, haimo kwenye kanuni.

MHARIRI: Haimo.

KATIBU: Niliikagua.

MHARIRI: Saa ngapi?

KATIBU: Tano na hamsini na mbili. Sema kitu, shemeji. Nitukane.

MHARIRI: Salio la baba halitoshi kukutukana. Ngoja. Kuna mtu amekuja. Naam, dada? Huyu ndiye. Ndiyo, mimi ni binti yake. [Sauti ya mbali.] Anao. Penisilini. Alivimba uso miaka kumi iliyopita, nusura tumpoteze. Niliwaambia siku ya kwanza, na jana nikamwambia daktari. Sawa, si kosa lako. Andika hapo tafadhali, nione ukiandika. Asante, mwanangu.

KATIBU: Nani huyo?

MHARIRI: Muuguzi mpya. Anauliza kama baba ana mzio wa dawa. Ni mara ya tatu naulizwa.

KATIBU: Mara ya tatu? Kwa nini?

MHARIRI: Wamemhamisha wodi jana. Taarifa zake zikahama kutoka mfumo wa kule kuja wa huku, ile sehemu ikafika tupu. Ana sindano tayari kwenye sinia, lakini kompyuta imemgomea. Inamwambia, hapa pako tupu, uliza kwanza.

KATIBU: Imemwambia hivyo? Uliza kwanza?

MHARIRI: Alikuwa anaisonya. Anasema inampotezea muda. Shemeji, achana na hayo. Nikuulize la nyumbani. Kile kipimo cha kichwa, daktari amenipa nafasi mbili. Leo saa tisa, au Ijumaa asubuhi. Baba amechoka, na mke wako anataka awepo. Nimesema Ijumaa.

KATIBU: Ijumaa.

MHARIRI: Ni vibaya? Daktari anasema hakuna tofauti.

KATIBU: Hapana. Kama daktari amesema. Saa tano na hamsini na tano.

MHARIRI: Usinitajie tena saa. Limepita, basi. Tutaanza upya mwezi ujao kwa pendekezo la kulirudisha, litachukua miezi, tutalirudisha. Kumbukumbu uziandike kama zilivyo. Andika mhariri hakuandika pingamizi. Usinitetee mle ndani.

KATIBU: Hiyo miezi, shemeji, kompyuta zitakuwa zinajibu nini?

MHARIRI: Unajua zitajibu nini.

KATIBU: Wanasasisha lini hapo hospitali?

MHARIRI: Sijui. Wao hawajui. Inajisasisha yenyewe. [Mlio.] Ndiyo hiyo tena, salio. Msalimie mdogo wangu, mwambie aje na shuka la—

KATIBU: Hebu nirudie. Alihamishwa jana saa ngapi?

MHARIRI: Baba? Saa kumi jioni. Kwa nini?

KATIBU: Na muuguzi alikuuliza dakika nne zilizopita. Yaani sehemu ilikaa tupu saa kumi na tisa na ushei.

MHARIRI: Unaandika? Nasikia vidole. Shemeji, katibu haandiki kwa niaba ya—

KATIBU: Siandiki kwa niaba yako.

MHARIRI: Acha. Nisikilize. Mimi sikukwambia. Una mke, una kadi ya—

[Simu imekatika.]

[Simu inaita.]

MHARIRI: Haloo? Ni nani?

KATIBU: Mimi. Nimepiga mara tatu.

MHARIRI: Nilikuwa nimetoka koridoni kumtafuta mtu wa kuniuzia vocha. Saa ngapi?

KATIBU: Umenikataza kutaja saa.

MHARIRI: Taja.

KATIBU: Saa sita na dakika mbili.

MHARIRI: Limepita?

KATIBU: Halijapita. Nikusomee kumbukumbu?

MHARIRI: Soma.

KATIBU: "Saa tano na dakika hamsini na nane limepokelewa pingamizi moja. Sababu: Jana taarifa za mgonjwa zilihama wodi, sehemu ya mzio wa dawa ikafika tupu. Mfumo ulisimama, muuguzi akauliza, jibu likawa ndiyo. Kwa pendekezo hili mfumo ungesoma hapana na muuguzi asingeuliza. Mjumbe aliyepinga: katibu. Pendekezo limesimama siku kumi na nne, hadi kikao cha wajumbe wote." Sikutaja jina la mzee wala la hospitali.

MHARIRI: Kuna mkato umezidi baada ya wodi.

KATIBU: Niuondoe?

MHARIRI: Uache. Ameshaliona?

KATIBU: Kila mjumbe hupata taarifa papo hapo. Alikuwa anakunywa chai. Ameweka kikombe. Amesoma, ameshuka hadi chini, amerudi juu, amesoma tena.

MHARIRI: Na sasa?

KATIBU: Ananitazama. Hana hasira usoni. Anaonekana kama mtu anayehesabu.

MHARIRI: Sema ni mimi niliyekusukuma. Nakuruhusu.

KATIBU: Hukunisukuma. Ulitaja idadi tu.

MHARIRI: Shemeji—

KATIBU: Sikiliza, hatuna muda. Kile kipimo. Ile nafasi ya leo saa tisa bado ipo?

MHARIRI: Sidhani kama wameshampa mtu. Kwa nini?

KATIBU: Kifanyike leo.

MHARIRI: Nimekwambia baba amechoka. Na mdogo wangu anataka—

KATIBU: Namtumia ujumbe sasa hivi, atakuwa hapo kabla ya saa tisa. Kadi ulirudishiwa?

MHARIRI: Ninayo, kwenye kitambaa. Lakini kwa nini leo, wakati Ijumaa daktari mwenyewe— Aa, kadi. Namfuata muuguzi.

KATIBU: Na dawa za kwenda nazo nyumbani, mwambie daktari aziandike leo. Zote. Za mwezi.

MHARIRI: Nitamwambia.

KATIBU: Wakikwambia kesho, usikubali.

MHARIRI: Sikubali. Natembea, nipo karibu na mlango wake. Baba akiamka nimwambie nini?

KATIBU: Mwambie mwenye karatasi anamsalimia. Amesimama, shemeji. Amechukua daftari lake. Anazunguka meza.

MHARIRI: Usikate. Weka simu mezani, nisikie.

KATIBU: Nakata. Saa sita na dakika nne, amegonga kioo.